Nairobi Inauza Siku Mahali Ilipopaswa Kuuza Saa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maduka ya katikati mwa jiji la Nairobi yakiwa bado yamefungwa, nafasi za kuegesha magari kando ya barabara nyingi huwa zimekwisha kujaa. Ukipita taratibu kwa miguu utawaona baadhi ya wenye magari wamelala humo humo ndani, kiti kimelazwa nyuma na koti limefunika uso, kwa sababu kazi inaanza saa mbili nao waliondoka nyumbani saa kumi na moja ili wawahi nafasi. Kijana mwenye kitambaa mkononi anamwongoza dereva anayeiwania nafasi ya mwisho iliyosalia: "Kuja, kuja, kata kulia, lete, hapo hapo." Gari linaingia. Mwenyewe atalipa ada kwa simu, atafunga milango, na gari halitaondoka hapo hadi jioni. Mteja atakayefika saa nne kununua dawa, kutia sahihi hati kwa wakili au kuchukua mzigo mdogo dukani hatapata pa kusimama. Atapita Mtaa wa Banda, atokee Muindi Mbingu, arudi Kimathi, na mwishowe atasimama mahali pasiporuhusiwa, taa za tahadhari zikimetameta, akimwomba Mungu amalize shughuli yake kabla askari wa kaunti hawajafika.

Kwa kawaida hali hii huelezwa kwamba magari yamezidi na nafasi ni chache. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa kuwa hata nafasi chache huweza kuwahudumia watu wengi iwapo watapokezana. Kinachozuia kupokezana huko kimeandikwa waziwazi katika jedwali la ada: Nairobi hutoza maegesho ya barabarani kwa siku, wala si kwa saa. Ukishalipa asubuhi, kipande hicho cha barabara ni chako mpaka jioni. Hoja yangu ni kwamba kosa kubwa la jiji hili katika kusimamia maegesho liko hapo, kwenye kipimo, na kwamba mabishano yetu ya zaidi ya miaka kumi kuhusu kiwango cha ada yamepita kando ya kosa hilo bila kuligusa.

Tuyakumbuke mabishano yenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi serikali za kaunti usafiri wa kaunti, zikiwemo barabara zake, trafiki na maegesho. Kaunti ya Nairobi iliporithi kazi za Baraza la Jiji mwaka 2013 ilikuta ada ya shilingi 140 kwa siku. Utawala wa Gavana Evans Kidero uliipandisha hadi shilingi 300, na kelele zikasikika kila pembe. Baadaye ikashuka hadi 200. Mwaka 2019, enzi za Gavana Mike Sonko, kaunti ilitaka kuifikisha 400, na jambo hilo likaishia mahakamani. Sheria ya Fedha ya Kaunti ya mwaka 2023, chini ya Gavana Johnson Sakaja, ikairudisha 300 kwa katikati mwa jiji. Kila mara upande mmoja ulitetea mapato na mwingine ukalalamikia gharama ya maisha, na kila upande ulikuwa na haki ya kusema ulichosema. Lakini yale maneno mawili yanayoifuata tarakimu, "kwa siku", yaliachwa yalivyo.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mfanyakazi anayeegesha saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni amekaa saa kumi na moja kwa shilingi 300, yaani takriban shilingi 27 kwa saa. Mteja wa duka la dawa anayekaa dakika ishirini kwa shilingi hizo hizo 300 ametozwa kwa kiwango ambacho, kikihesabiwa kwa saa, ni shilingi 900. Ada inayoonekana kuwa sawa kwa wote inamtoza anayetumia kidogo zaidi ya mara thelathini ya inavyomtoza anayetumia sana. Na abiria wa matatu, ambaye hakuegesha chochote popote, mara nyingi nauli yake ya kwenda na kurudi haipungui shilingi 100. Aliyelipa shilingi 27 kwa saa amepewa karibu mita 12 za mraba za ardhi ya umma, katika mitaa ambayo mwenye duka dogo hulipa kodi nzito kwa eneo lisilofikia hata nusu ya hilo. Sisemi hivi kwa kuwachukia wenye magari. Nasema kwamba bei ya namna hii inamwambia kila dereva kitu kimoja tu: wahi, na ukishawahi, usiondoke.

Tatizo hili lilikwisha kutambuliwa na miji mingine kabla hata ya Kenya kupata uhuru. Mita ya kwanza ya maegesho ilisimikwa Oklahoma City, nchini Marekani, tarehe 16 Julai 1935, nayo ilitoza senti tano kwa saa. Aliyeipigania, Carl Magee, alikuwa akiongoza kamati ya trafiki ya chama cha wafanyabiashara wa mji huo, na malalamiko aliyotakiwa kuyatatua yangeweza kuandikwa Nairobi leo bila kubadilisha neno: wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakiegesha asubuhi na kuondoka jioni, wateja wakikosa pa kusimama na maduka yakipoteza biashara. Fedha zilikuja, naam, lakini chombo chenyewe kilibuniwa ili nafasi ipate kuachwa. Mita ile ilikuwa saa, kwa maana zote mbili za neno hilo katika lugha yetu. Wakazi wenye umri mkubwa wanazikumbuka mita za sarafu zilizowahi kusimama kando ya barabara za Nairobi yenyewe. Zilipoondoka, ada ilibaki, lakini saa ikaondoka nazo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kipimo cha siku kimedumu muda wote huo. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni urahisi wa usimamizi: karani mwenye vitabu vya risiti aliweza kumkagua dereva mara moja tu kwa siku, na kumfuatilia kila saa kungehitaji makarani wengi mno. Sababu hiyo ilikuwa na mashiko zamani, lakini imekwisha. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu mwaka 2014 Wanairobi wamekuwa wakilipia maegesho kwa njia za kielektroniki. Mfumo unaojua kwamba gari fulani limelipa leo unaweza kujua pia kwamba limelipa saa nne na robo. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kaunti huyatazama maegesho hasa kama chanzo cha mapato. Ada hizi ziko miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha inazojikusanyia yenyewe, pamoja na kodi za ardhi na leseni za biashara, na ofisa anayepimwa kwa shabaha ya makusanyo hana sababu ya kuuliza kama nafasi za barabarani zinapokezanwa. Barabara ikijaa magari yaliyolipiwa tangu alfajiri, kwenye vitabu vyake hiyo ni siku njema.

Mtazamo huo wa mapato ndio unaoamua pia namna sheria inavyotekelezwa, na hapo ndipo jambo hili linaponiuma zaidi. Katika mji mmoja wa nchi hii, ambao sitautaja, nilisimama karibu na duka la dawa nikamwona mama wa makamo akitoka na mfuko wa karatasi mkononi. Gurudumu la mbele la gari lake lilikuwa limefungwa klampu ya rangi ya njano. Askari aliyekuwa karibu hakumfokea wala hakuomba kitu.

"Mama, gari halijalipiwa leo."

"Kijana wangu, nimeingia kuchukua dawa za mzee tu, hata dakika kumi hazijaisha."

"Pole, mama. Lipa kwanza hiyo ada na ya kufunguliwa, halafu usubiri wenye ufunguo waje."

Alilipa pale pale kwa simu. Wenye ufunguo walichukua karibu saa mbili kufika, naye muda wote huo alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mfuko wa dawa mapajani. Nyuma yake yalipita magari mengi yakitafuta nafasi, yakipunguza mwendo, yakimpigia honi kuuliza kama anatoka. Gari ambalo lingeachia nafasi baada ya dakika kumi liliikalia kwa saa mbili kwa amri ya sheria yenyewe. Hakuna aliyekosa kufanya kazi yake siku ile. Askari alifuata maagizo, mama akatii, fedha zikaingia. Lakini nafasi ya barabarani, ambayo ndiyo kitu chenyewe kinachosimamiwa, ilifungwa mnyororo pamoja na gari.

Historia ya klampu inafundisha. Ilibuniwa na Frank Marugg wa Denver, Marekani, na polisi wa mji huo walianza kuitumia mwaka 1955 dhidi ya watu waliokuwa wamelimbikiza karatasi za faini bila kulipa. Ilikuwa dawa ya mdaiwa sugu, mtu ambaye njia nyingine zote zilikwisha kushindikana kwake. Kuitumia dhidi ya mtu aliyechelewa dakika kumi kulipa ada ya siku hiyo ni kumkatia mgonjwa mguu kwa ajili ya mwiba. Utekelezaji wa haki ungetofautisha makosa matatu ambayo sasa yanatiwa kapu moja. Aliyeziba barabara, kivuko cha watembea kwa miguu au lango la hospitali anaudhuru umma kila dakika anayosimama, na gari lake linastahili kuvutwa mara moja. Aliyepitisha muda aliolipia, au asiyelipa kabisa, amedaiwa fedha, na deni la fedha huandikwa kwenye nambari ya usajili likalipwa baadaye na nyongeza yake, huku gari likiachwa liondoke. Klampu ibaki kwa yule ambaye madeni yake yamerundikana na notisi zake zimepuuzwa. Mpangilio huo ungepunguza pia nyakati ambazo askari na dereva hubaki wawili kando ya gari lililofungwa, mmoja akiwa na haraka na mwingine akiwa na ufunguo, na kila Mkenya anajua mazungumzo ya namna hiyo huelekea wapi.

Jirani zetu wa Dar es Salaam wamejaribu njia iliyo karibu na hii, na tunaweza kujifunza kwao mazuri na mabaya. Huko maegesho ya barabarani yamekuwa yakitozwa kwa saa, shilingi 500 za Tanzania, chini ya usimamizi wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mhudumu hupita na kifaa cha mkononi, huingiza namba ya gari, na deni huandikwa dhidi ya namba hiyo. Mwenye gari hulipa baadaye kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo, na akichelewa kupita muda uliowekwa huongezewa faini. Magari hayafungwi kwa ajili ya saa moja isiyolipiwa. Kwa kanuni huo ni utaratibu wa kistaarabu kuliko wetu. Lakini mfumo huo wa kielektroniki ulipoanza mwaka 2021 malalamiko yalikuwa makali, na yaliyosikika sana yalihusu watu kukuta madeni wasiyoyajua: karatasi iliyowekwa kwenye kioo ilipeperuka, ujumbe haukufika, faini ikaongezeka juu ya ada ndogo ambayo mwenyewe angeilipa siku ile ile kama angeambiwa.

Somo ninalolichukua kutoka Dar es Salaam ni kwamba kutoza kwa saa na kudai baadaye kunahitaji kitu cha tatu, nacho ni mdaiwa kujulishwa na kupewa mahali pa kujitetea. Kenya haina kisingizio katika hili. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na vyombo vya utawala kwa njia ya haraka, halali, ya busara na inayofuata utaratibu wa haki, na panapokuwa na uwezekano wa kuathiriwa, kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya Hatua za Haki za Kiutawala ilitungwa kutimiza kifungu hicho. Sioni ni vipi gari kufungwa bila picha, bila maelezo ya saa na mahali, na bila ofisi ya rufaa iliyotengana na ile inayopokea fedha, kunaweza kuitwa utaratibu wa haki. Picha ya gari likiwa mahali lilipo, yenye saa juu yake, ikitumwa kwenye simu ya mwenyewe dakika ile ile, ingemaliza nusu ya ugomvi wote, nayo ni kazi ambayo simu ya bei ya chini inaiweza.

Wapo watakaonijibu kwamba ada ya saa itamwumiza mfanyakazi wa kawaida anayekuja mjini na gari lake dogo. Hoja hiyo nimeifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu inatolewa na watu waaminifu. Muuguzi anayemaliza zamu usiku wa manane, wakati matatu ni chache na njia si salama, ana sababu nzuri ya kuja na gari, na mji wenye huruma utamwekea kibali cha msimu katika mitaa ya pembeni isiyo na msongamano, au utaondoa ada baada ya jioni. Ila tusisahau mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi ni nani hasa. Zaidi ya watu wanne kati ya kumi hufanya safari zao za jiji hili kwa miguu, na wengine wengi kwa matatu. Mwenye gari, hata likiwa kuukuu, si maskini wa jiji hili, na ruzuku anayopewa kwa kuuziwa barabara kwa shilingi 27 kwa saa inatoka kwa wanaotembea. Wanapotembea hukuta magari yamepanda juu ya njia yao, hivyo hushuka barabarani na kubanana na bodaboda. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hapaswi kuingia katikati ya magari yanayokwenda kwa sababu gari lililosimama limechukua njia yake. Kosa hili, ambalo ndilo la hatari zaidi, ndilo linaloadhibiwa kwa ulegevu zaidi, kwa kuwa gari lililo juu ya njia ya miguu halimo katika hesabu ya nafasi za kulipiwa.

Jiji limewahi kuonyesha kwamba linaweza kuamua vinginevyo. Barabara ya Luthuli ilipopangwa upya mwaka 2019, kwa ushirikiano na UN-Habitat, magari yalipunguziwa nafasi na wapita njia wakapanuliwa njia yao. Mwaka uliofuata, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ilipochukua baadhi ya majukumu ya kaunti, nafasi za maegesho ziliondolewa katika sehemu za mitaa kadhaa ya katikati mwa jiji ili zijengwe njia za miguu na baiskeli. Wapo waliosema biashara zitakufa. Mimi naona watu wakiingia madukani kwa miguu, kama walivyoingia siku zote.

Kuhusu kiwango chenyewe, sipendekezi tarakimu, na ninamshuku yeyote anayeitoa kabla ya kuhesabu magari. San Francisco ilianza mwaka 2011 kupanga bei mtaa kwa mtaa na kwa nyakati za siku, shabaha ikiwa nafasi zinazotumika ziwe kati ya asilimia 60 na 80, ili kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi. Mtaa uliojaa ulipandishiwa bei, uliobaki mtupu ukashushiwa, na mwisho wa majaribio wastani wa bei za barabarani ulikuwa umeshuka kidogo. Nairobi haihitaji vihisio vya gharama, vile vifaa vya kutambua gari lililosimama, vilivyofukiwa kwenye lami ili kuanza. Inao wahudumu wanaopita mitaani kila siku. Wakiagizwa waandike ni nafasi ngapi ziko wazi saa tatu, saa sita na saa tisa katika kila mtaa, katika miezi mitatu kaunti itakuwa na takwimu zitakazoonyesha ni wapi shilingi 300 kwa siku ni nyingi mno na ni wapi hata shilingi 100 kwa saa ni kidogo.

Wapo pia ambao wanayajua hayo bila takwimu. Yule kijana mwenye kitambaa anafanya kazi yenye historia ndefu. Katika miaka ya 1970 Wanairobi waliwaita wenzake kwa jina la Kiingereza la parking boys, watoto wa mitaani waliowaelekeza madereva kwenye nafasi wazi ili wapate senti, na ni kwa ajili yao Padre Arnold Grol alianzisha Undugu Society mwaka 1973. Nusu karne imepita na bado kuna anayeishi kwa kujua nani anatoka saa ngapi. Anachouza ni habari ya nafasi ambayo jiji, lenye mamlaka yote na mitambo yote, halijajisumbua kuikusanya. Kama kaunti itaajiri watu wa kuhesabu nafasi, ningependa ianze na hao, iwape sare, mshahara na kifaa, maana hakuna anayeijua mitaa hiyo kuwashinda.

Mswada wa Fedha wa Kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kila mwaka, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo kuwashirikisha wananchi kabla ya kuupitisha. Kwa kawaida kumbi hujaa watu wenye hoja kuhusu tarakimu, mimi nikiwa mmoja wao katika miaka iliyopita. Safari hii maoni yangu nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja. Yanaomba kwamba katika jedwali la ada, kwenye mstari wa maegesho ya katikati mwa jiji, neno "siku" lifutwe na "saa" liandikwe mahali pake, na kwamba chini ya mstari huo kiongezwe kifungu kinachokataza gari kufungwa klampu kwa deni la siku hiyo hiyo.